Wageni wa Kupima Hewa

Mama Eliaichi hakuwa anapata usingizi mpaka amsikie ng'ombe wake Chausiku akitafuna. Ndivyo ilivyokuwa tangu mumewe afariki. Nyumba yao iliegemea mlima, na banda la ng'ombe likaegemea nyumba, ukuta mmoja wa matofali mabichi ukitumikia pande zote mbili: huku kitanda cha mama, kule ng'ombe. Marehemu alijenga hivyo kwa makusudi, kwamba mwizi akija amwamshe mwenye mali kwanza. Mwizi hakuja. Kilichokuja ni mkojo wa ng'ombe, ukajipenyeza chini ya ukuta taratibu, mwaka hadi mwaka, na harufu yake ile inayochoma pua ikahamia chumbani ikawa kama mtu wa nyumba.

Aliyebaki na mama ni Priska, kitinda mimba. Kaka yake Eliaichi alishuka zamani kwenda Tanga kutafuta kazi, akawa mtu wa kupiga simu sikukuu hadi sikukuu. Priska alimaliza darasa la saba, akarudi kwenye majani. Alfajiri anashuka bondeni kukata mabingobingo, anapanda na mzigo kichwani, anakamua, anapeleka maziwa kituoni, kisha anakwenda kupalilia tangawizi za watu. Banda lenyewe tangu awali lilikuwa eneo la mama. Alilitunza kama wengine wanavyotunza sebule. Lakini tangu kifua kianze kumbana, beleshi lilimshinda, na Priska alikuwa mmoja. Kinyesi kikawa kinalala siku kadhaa, kimelowana na mkojo na mabaki ya majani, mpaka msichana apate nafasi ya kukijaza kwenye karai na kukishusha kwenye migomba. Toroli kwenye mteremko ule haliendi. Lingemtangulia mwenyewe mpaka mtoni.

Mwaka huo kifua kilimbana mama mpaka wakamshusha hospitali Same, amekaa katikati ya Priska na dereva wa bodaboda kama mtoto. Daktari alimsikiliza mgongo, akainama, akanusa kidogo kanga aliyojitanda.

"Mnafuga?"

"Ng'ombe mmoja," alisema Priska.

"Analala wapi, na mama analala wapi?"

Priska hakujua aelezeje. Akainua viganja vyake viwili, akavibandika pamoja.

Daktari akavitazama vile viganja. "Vitenganishe hivyo," akasema. "Ama ng'ombe aondoke ama mama aondoke. Nitampa dawa ya kuvuta, lakini dawa haitashindana na hewa anayoivuta usiku kucha."

Njiani kurudi mama hakuuliza daktari amesema nini. Alikuwa amesikia vizuri. Walipofika kwenye kona ambapo unaiona Makanya huko chini, nyeupe kwa vumbi la jasi, Priska alisema, "Ungekaa kidogo kwa mama mdogo, kule chini."

"Nitoke kwenye harufu ya ng'ombe wangu niende kuvuta vumbi la watu," mama akajibu. "Hapana, mwanangu."

Na banda kulihamisha, walihamishie wapi? Kiwanja chote kilikuwa mteremko. Ilibidi kuuchonga mlima, kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, kumwaga saruji. Kuchonga, watu wangekuja kwa msaragambo, kwa kuwa huko milimani kazi ya mmoja ikitangazwa huwa ya wote. Mawe, saruji na mabati havitangazwi. Kwa hiyo walirudi, mama akalala kitandani kwake, Chausiku akatafuna upande wa pili, na mambo yakabaki vilevile.

Halafu ndipo walipokuja watu wa mradi.

Waliitisha mkutano shuleni. Kiongozi wao alikuwa mwanamke wa makamo, anaitwa Sabrina, mpole, anayesita kidogo kila anapotaka kusema jambo gumu. Pamoja naye alikuwapo kijana wa mashine, Yahaya, mzaliwa wa Same mjini. Sabrina alieleza kwamba ng'ombe wa ndani hutoa hewa za namna mbili tatu. Iko anayocheua mwenyewe, inapanda juu na kuongeza joto la dunia. Iko nyingine, amonia, inayozaliwa mkojo ukikutana na kinyesi; hiyo haiendi mbali, inakaa hapo hapo kwenye macho na vifua vya watu. Walitaka kujua kila banda linatoa kiasi gani, kiangazi na masika. Wakishamaliza kupima, mradi utajenga mabanda mapya, ya saruji, mbali na nyumba, yenye shimo la kufunika, kwenye nyumba chache ambazo hewa yake itaonekana mbaya kuliko zote. Kisha wapime tena waone tofauti.

"Kwa hiyo nawaomba," Sabrina akasema, "msisafishe kwa ajili yetu. Msijisumbue kabisa. Tukute banda kama lilivyo siku zote."

Watu wakacheka. Jenoveva, jirani yao wa ng'ambo ya korongo, akanyoosha mkono. "Hapo mmenipata, mama. Mimi hata kwa ajili ya mume wangu sijawahi."

Priska alipanda kurudi nyumbani karibu anakimbia. Alimkuta mama kwenye kigoda anachambua maharage ya makande, akamweleza yote kabla hata hajakaa chini. Mama alisikiliza, akaendelea kuchambua.

"Wanajenga kwa aliye mchafu?"

"Kwa mwenye hewa mbaya, mama. Sisi ndio wa kwanza. Waingie tu chumbani kwako."

"Waingie chumbani kwangu," mama alirudia, kama anaonja neno.

Siku ya kwanza ya kupimwa, ujumbe uliingia kwenye simu jioni yake: kesho asubuhi tutafika, tafadhali muwepo. Alfajiri Priska akashuka kukata majani kama kawaida. Aliporudi hakuelewa anachokiona. Sakafu ya banda ilikuwa imekwanguliwa mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Majivu yamenyunyizwa, majani makavu ya migomba yametandazwa juu. Chausiku amesuguliwa mapaja kwa gunzi, amesimama kama bibi harusi. Dirisha la chumbani wazi, shuka jipya kitandani. Na mama amekaa mlangoni ndani ya kitenge chake cha kanisani, mikono juu ya magoti, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Hakuweza kusema. Akaonyesha tu kwa kidevu: wanakuja.

"Shikamoo, mama," Yahaya alisema, akatua begi.

"Mara... haba."

Kijana alifunika kipande cha sakafu kwa boksi jeusi. Boksi lilikuwa na mrija, na mrija ukaingia kwenye mashine ndogo yenye kioo cha namba. Mama, pumzi ilipomrudia, alitaka kujua ile ni nini.

"Hii inanusa kwa niaba yetu, mama. Pua ya mtu inazoea. Ukikaa na harufu muda mrefu inakuwa ndugu yako, humsikii tena. Hii haizoei."

"Na imesikia nini?"

Yahaya akasoma kioo, akatabasamu. "Imesikia banda safi. Hongera sana."

Priska alikuwa amesimama na mzigo wake wa majani bado kichwani. Alisahau kuutua.

Wageni walipoondoka aliutua, akaenda kukaa mbele ya mama. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Mama, walisema tusisafishe."

"Walisema kwa adabu."

"Walisema kweli."

"Wewe mtoto, hujawahi kwenda ugenini? Mtu akija kwako anasema usijisumbue, mimi sikai. Ukikubali kweli usimpikie hata chai, atakusema mpaka afe." Mama akakohoa, akangoja kikohozi kipite, akaendelea. "Hawa wamesoma, wana adabu zaidi. Wanakupima wewe kwa kukwambia usijisumbue. Na tangu lini mchafu akapewa zawadi? Shuleni alipewa nani? Kanisani wanamsifu nani? Leo uniambie duniani wamekuja watu wanatafuta mavi wayajengee nyumba."

Priska akatazama sakafu. Mama alikuwa hajawahi kuona jambo la namna ile, na yeye mwenyewe, ukimwambia aape, alikuwa hajawahi kuliona.

Mara ya pili Priska alilificha beleshi kwenye shamba la tangawizi. Mama akakwangua kwa kipande cha bati. Mara ya tatu akauficha ujumbe wa simu, akidhani amefaulu, lakini jioni Jenoveva akasimama kwenye ukingo wake na kuita kuvuka korongo, "Mama Eliaichi, kesho ni siku ya wanusaji," na mama akaitikia kwa furaha, "Asante mwenzangu, umeniokoa." Kila baada ya kupimwa mama alilala kitandani mpaka jua lizame, midomo imebadilika rangi, dawa ya kuvuta ipo mkononi. Kinyesi kilicholala ukikichokoa ndipo hewa yake yote inapotoka, na aliyekuwa ameinama juu yake ni yeye. Siku nyingine zote, siku ambazo hakuna mgeni, banda lilirudi kuwa vilevile, na ukuta ule ukaendelea kunywa.

Priska alifikiri sana siku hizo, mzigo kichwani. Angemwambia Yahaya. Lakini amwambieje? Mama yangu anawadanganya? Huko kwao mwanamke huangaliwa bandani kabla ya kuangaliwa chunguni. Mama alikuwa amefiwa na mume, mtoto wake wa kiume amempotelea mjini, mwili wenyewe umemgeuka. Kilichokuwa kimebaki kikimsimamisha ni kwamba hakuna mgeni aliyewahi kuingia kwake akatoka ameshika pua.

Bahati ikaja kwa njia ya msiba. Dada wa marehemu baba alifariki kijiji cha juu, mama akapelekwa huko mapema na wanawake wa kanisa, alale matangani. Na ujumbe ukaingia: kesho.

Priska hakugusa kitu. Alikaa tu kwenye kigoda cha mama, akingoja kama mtu anayeiba.

Yahaya aliinama kwenye banda kama alivyozoea, kisha akarudi nyuma. Macho yalimtoka machozi. Akajikaza, akaweka boksi, akaweka mrija. Akaingia na mashine chumbani kwa mama, akaisogeza karibu na mto, akasimama pale muda mrefu zaidi ya kawaida. Alipotoka hakuwa anatabasamu.

"Dada Priska, leo kuna nini hapa?"

"Leo ndiyo kila siku," alisema Priska.

Yahaya akamtazama, kisha akacheka, kwa kuwa alimjua kuwa binti mwenye maneno machache na aliona anatania. Dereva alikuwa anapiga honi barabarani. Mvua ilikuwa inashuka kutoka kilele cha Shengena na njia ingeteleza. "Haya, kila siku," akasema, akafunga begi. Akaondoka. Na Priska akasema moyoni, basi, mashine haizoei, mashine imesikia. Jioni ile alibeba kinyesi chote mpaka migombani, akiimba.

Lakini mashine haiamui. Wiki iliyofuata Sabrina alikuja mwenyewe pamoja na Yahaya, bila kupima, wamekuja kuuliza. Mama alikuwa amerudi. Aliwakaribisha ndani, akawawekea chai ya maziwa na chapati, akakaa ukingoni mwa kochi, mikono amekunja. Sabrina alikunywa kwanza. Alijua adabu.

"Mama, banda lako ni zuri," akaanza. "Tangu tumeanza, hewa yake imekuwa nzuri kuliko nyumba zote. Isipokuwa siku moja. Siku hiyo namba ziliruka juu sana, hatujaona namba kama zile popote. Sasa hatujui. Labda mashine iliharibika. Labda ndivyo banda lilivyo, na hizo siku nyingine ndizo zina sababu." Akatua kikombe. "Nimekuja kuuliza kwa sababu jibu lako ndilo litakalotufanya tuamue. Banda hili huwa namna gani, siku ambazo sisi hatupo?"

Chausiku akapumua kwa kishindo upande wa pili wa ukuta.

Priska akamtazama mama. Mama hakumtazama. Alikuwa anatazama kikombe cha mgeni, na shingo yake, ile shingo iliyokuwa imekonda mpaka mishipa imesimama, ilianza kutetemeka kidogo. Ulikuwa mtetemo mdogo sana. Mtu asiyelala naye nyumba moja asingeuona. Mama alikuwa amefahamu kwamba wageni waliingia chumbani kwake asipokuwapo, wakaikuta ile harufu kwenye mto wake.

"Mimi sikuwepo," mama alisema. "Nilikuwa msibani. Mimi nikiwepo..."

Hakumaliza. Na Priska, ambaye alikuwa ameingoja siku hii kama mtu anavyongoja mvua, ambaye alikuwa na maneno yote tayari mdomoni, akajisikia anasema maneno mengine.

"Ni mimi. Mama hakuwepo, mimi nikalala. Sikusafisha siku nyingi. Mama akiwepo hakuwi hivyo."

"Una hakika?" Sabrina aliuliza taratibu. Alimwangalia yeye, si mama.

"Nina hakika."

"Basi siku hiyo hatutaihesabu," akasema Sabrina.

Wakamaliza chai. Mama akawasindikiza mpaka kwenye mteremko wa migomba, na kurudi kutoka hapo mpaka mlangoni kulimchukua muda, akisimama, akipumua, akisimama. Alipoingia alimkuta Priska ameinamia vikombe. Akamwekea mkono juu ya kichwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti alipokuwa mdogo.

"Umenisitiri leo," alisema. "Mungu naye akusitiri."

Baada ya hapo mlango ukawa umefungwa. Mtu ukishamsitiri, humvui tena nguo uliyomvika. Gari la mradi lilipita barabarani mara nyingine, Priska akalisikia likiunguruma kwenye kona, akaendelea kukata majani.

Mkutano wa kufunga ulikuwa palepale shuleni. Mama alitaka kwenda kwa miguu yake, wakaenda polepole, wakifika jiwe wanakaa. Sabrina alishukuru watu wote. Kisha akasema wameleta zawadi ndogo kwa mfugaji ambaye banda lake limetoa hewa safi kuliko yote, akamtaja Mama Eliaichi. Ilikuwa keni ya maziwa, mpya, inang'aa mpaka inachoma macho, mfuniko una mnyororo. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mama akainuka. Alikwenda mbele bila kushikwa mkono, akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza kuwaonyesha watu, na Priska akaona uso ambao hakuwa ameuona tangu baba yake alipokuwa hai. Kwa kitambo kile kidogo mama hakukohoa hata mara moja.

Alirudi akakaa, keni mapajani. Akamnong'oneza binti yake, "Si nilikwambia?"

"Ulinambia, mama."

"Sasa watasema la banda."

Priska akaushika mkono wake. Hakuweza kufanya lingine.

"Nyumba zitakazojengewa mabanda mapya," Sabrina akasoma, na wa kwanza alikuwa Jenoveva.

Watu waliangua kicheko, na Jenoveva mwenyewe alicheka kuliko wote, ameshika kiuno. "Jamani, uvivu wangu umezaa matunda. Mume wangu uko wapi, uliyekuwa unanisema?" Yakasomwa majina mengine, yakaisha. Mama alikuwa bado ameinua uso, akingoja. Watu walianza kusimama na kukung'uta nguo. Bado anangoja. Kisha Priska akaona inavyomwingia, taratibu, kama mkojo ule ulivyoingia chini ya ukuta. Mama akaitazama keni. Akaitazama muda mrefu, uso wake umo mle kwenye bati, umepinda.

"Kumbe," akasema.

Walipanda mpaka jiwe la kwanza la kupumzikia. Pale Priska akasema, "Turudi tukawaambie. Bado wanapakia vitu."

"Tukawaambie nini? Kwamba keni si yangu?"

"Kwamba banda ni lako."

"Nimnyang'anye Jenoveva? Mbele ya watu waliomwona akicheka vile?" Mama akapumua, akapumua tena. "Na wewe watakuitaje, uliyesema una hakika? Hapana. Siku ile ulitaka kuwaambia, ukashindwa kwa ajili yangu. Nilikuona. Nikanyamaza." Akafuta keni kwa ncha ya kanga ijapokuwa haikuwa na vumbi. "Nilidhani wanasema kwa adabu tu, mwanangu. Nilidhani ni adabu."

Ilipofika masika kifua kilimbana mama tena, kuliko mara ya kwanza, na safari hii daktari hakuuliza maswali. Priska hakungoja ruhusa ya mtu. Alikwenda ng'ambo kwa Jenoveva, ambako banda jipya lilikuwa limesimama, saruji yake nyeupe, nafasi ya ng'ombe wawili na mwenyewe ana mmoja. Jenoveva alisikiliza bila mzaha wowote. Kule kwao ng'ombe kufugishwa kwa jirani ni jambo la kawaida: anayefuga anakunywa maziwa na kuchukua mbolea, mwenye ng'ombe anabaki kuwa mwenye ng'ombe.

"Mlete," alisema Jenoveva. "Na maziwa nitamletea mama yako kila asubuhi, asije akaniona mwizi juu ya uvivu. Yeye ana keni, mimi nina banda. Tumegawana mradi."

Siku ya kumhamisha Chausiku, mama alimkamua mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, paji la uso amelibandika kwenye ubavu wa ng'ombe, na Priska akaona mabega yake yanatikisika, akafikiri ni kikohozi. Hakikuwa kikohozi. Alipomaliza akasema, "Mpitishe njia ya juu. Ile ya chini inateleza," akaingia ndani asimwone akitoka.

Priska alisafisha banda lile kwa mara ya mwisho, akamwaga chokaa, akauchimbua udongo uliolowa chini ya ukuta mpaka akafikia mkavu, akajaza mwingine. Haikupita muda mrefu chumba kikaacha kunuka. Mama akaanza kupumua. Midomo ikarudia rangi yake, akaweza kutoka mpaka kwenye migomba na kurudi bila kusimama. Watu wakampa pole na hongera kwa pamoja. Lakini usingizi ulimtoka. Alikuwa analala ameuelekea ukuta, macho wazi, na asubuhi Priska akimwuliza amelalaje, anajibu jibu lilelile.

"Hewa ni nzuri sana. Haina mtu ndani."

Saa ya kukamua, Chausiku alilia kutoka ng'ambo ya korongo. Siku za mwanzo alilia kwa nguvu, na mama akawa anasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, mpaka iishe. Baadaye ng'ombe akazoea. Akaanza kulia mara moja moja, kisha asilie. Mama akaendelea kusimama mlangoni saa ileile.

Keni hakuitumia. Aliiweka juu ya kabati la vyombo, mdomo umeelekea ukutani.

Mwanzoni mwa kiangazi ujumbe uliingia tena kwenye simu. Mradi ulikuwa unarudi kupima nyumba zote kwa ajili ya kulinganisha, hata zile zilizoondoa ng'ombe. Priska akamsomea mama. Mama akasema, "Karibu zao," akaendelea na maharage yake.

Alfajiri ile Priska hakushuka bondeni. Hakukuwa na wa kumkatia majani. Alijilaza kitandani akisikiliza. Alisubiri kusikia beleshi, au fagio la njiti, au kipande cha bati kikikwaruza udongo. Aliomba, ukitaka kujua, alisikie. Jua likatoka, kimya.

Yahaya alifika na begi lake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Banda lilikuwa na utando wa buibui kutoka kwenye hori mpaka kwenye nguzo. Majani makavu yalikuwa yamepeperushwa na upepo yakarundikana pembeni, kuku wa jirani ametaga humo. Yahaya akaupisha utando kwa mkono, akaweka boksi, akaweka mrija, akaingia chumbani, akatoka. Alikuwa na furaha kweli, kijana wa watu. Alitaka kumpa mama habari njema.

"Safi kabisa, mama. Sijawahi kuona namba ndogo kama hizi. Ni kama huku hakujawahi kukaa ng'ombe."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, ndani ya kanga ya kazini, hakuwa amebadilisha nguo.

"Ehee," alisema.

Kisha akasema, "Samahani kwa banda, baba. Halijafagiliwa."

"Hapana, mama, usijisumbue," Yahaya akajibu haraka, kwa adabu.

Priska alikuwa amesimama nyuma ya mama, na alichoweza kukiona ni kisogo chake tu. Akavitazama viganja vyake mwenyewe, kimoja huku, kimoja kule kama daktari alivyosema, akavificha chini ya kanga.